Maswali ya Wasomaji: Raspberry Pi Imewaka, Picha Iko Wapi?

Barua za safari hii kutoka Arusha na Moshi karibu zote zina kilio kimoja: taa ya kikompyuta cha Raspberry Pi inawaka, lakini kwenye skrini hakuna kitu, au kuna kitu kisichotakiwa. Tumechagua tano. Majibu yanahusu mfumo endeshi wake, Raspberry Pi OS, toleo la Bookworm, lililotoka mwaka 2023, kwa kuwa ndilo wengi wenu mnalo. Katika toleo hilo faili za kuwashia (config.txt na cmdline.txt) zimo ndani ya /boot/firmware. Kwenye matoleo ya nyuma zilikuwa ndani ya /boot tu.

Habari za kazi. Shuleni tuna Raspberry Pi 4 na projekta ya zamani yenye tundu la VGA peke yake. Nilinunua adapta ya HDMI kwenda VGA mjini. Nikiwasha, zinatokea zile rangi za upinde wa mvua kwa sekunde moja au mbili, kisha projekta inaandika "No Signal". Nimeongeza hdmi_group=2 na hdmi_mode=16 kwenye config.txt kama nilivyoelekezwa, hakuna kilichobadilika. Je, adapta ni mbovu?
*Mwalimu wa sekondari, Ngaramtoni, Arusha*

Mwalimu, hizo rangi zimeshakujibu nusu ya swali. Adapta ingekuwa imekufa, hata rangi usingeziona.

Picha ya Pi 4 inaendeshwa na wawili wanaopokezana. Wa kwanza ni programu ya ndani ya chipu yenyewe. Hiyo ndiyo inayosoma config.txt na kuchora rangi unazoziona. Baada ya muda mfupi kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inaamka, na draiva yake ya picha iitwayo KMS inachukua usukani. KMS haina habari na hdmi_group wala hdmi_mode. Mistari hiyo ilikuwa na nguvu mpaka toleo la Bullseye la mwaka 2021, ambalo ndilo lililoifanya KMS kuwa draiva ya kawaida. Maelekezo ya kabla ya hapo bado yamejaa mtandaoni na watu wanaendelea kuyanakili. Hata enzi zake yalikuwa na mtego: namba 16 katika kundi la 2 ni 1024 kwa 768, lakini namba hiyohiyo katika kundi la 1 ni 1920 kwa 1080.

KMS inasikiliza faili jingine, cmdline.txt. Zima Pi, chomoa kadi, ichomeke kwenye laptopu. Hata ikiwa ni Windows, utaona diski ndogo iitwayo bootfs. Fungua cmdline.txt kwa Notepad. Utakuta mstari mmoja mrefu. Nenda mwisho wake kabisa, acha nafasi moja, kisha andika:

video=HDMI-A-1:1024x768M@60D

Usibonyeze Enter. Faili hili lazima libaki mstari mmoja, maana kitakachoangukia mstari wa pili hakisomwi. Kosa hili dogo ndilo linalowakesha watu, kwa sababu ukilitazama faili unaona kila kitu kimeandikwa sawasawa.

HDMI-A-1 ni tundu lililo karibu na tundu la chaji; la pili yake ni HDMI-A-2. 1024 kwa 768 ndio ukubwa wa asili wa projekta nyingi za VGA, lakini soma kitabu chake au kibandiko cha chini, kwani nyingine ni 800 kwa 600. Herufi M inaiambia kerneli ikokotoe yenyewe mapigo ya picha endapo hayamo kwenye orodha yake. 60 ni mara ambazo picha inachorwa upya kwa sekunde. D kubwa ina maana ya "washa tundu hili hata kama upande wa pili hajajibu mtu". Angalia kidole chako hapo: d ndogo inalizima tundu kabisa.

Kwa nini upande wa pili haujibu? Skrini yoyote ya kisasa hujitambulisha kwa kompyuta kwa maelezo mafupi yaitwayo EDID: mimi ni fulani, ukubwa wangu ni huu, ninapokea hivi na hivi. Katika VGA maelezo hayo hupita kwenye pini ya 12 na ya 15. Chukua waya wako, geuza kichwa, hesabu pini. Ya 9 kukosekana ni kawaida, waya nyingi hutengenezwa bila hiyo. Ikikosekana au ikipinda ya 12 au ya 15, projekta yako ni bubu: inaweza kuonyesha picha lakini haiwezi kujitambulisha. Vile viboksi vya kugawa VGA kwenda skrini mbili navyo mara nyingi havipitishi maelezo hayo.

Picha ikishapatikana, fungua terminali uhakikishe:

cat /sys/class/drm/card*-HDMI-A-1/edid | wc -c

Jibu likiwa 128 au 256, EDID imesomeka. Likiwa 0, haijasomeka, na hapo Linux haithubutu kukuorodheshea ukubwa unaozidi 1024 kwa 768. Amri ya kmsprint -m itakuonyesha orodha yenyewe.

Jambo la mwisho ni umeme. Adapta hizi zina chipu ya kugeuza picha ya kidijitali kuwa ya analogi, na chipu hiyo inakula volti 5 kutoka pini ya 18 ya HDMI. Sheria ya HDMI inamtaka mtoaji atoe miliampea 55 tu, na adapta nyingine zina njaa kuliko hapo. Picha ikija na kupotea, tafuta adapta yenye kitundu chake cha chaji pembeni. Wala usinunue waya mtupu wa HDMI kwenda VGA usio na chipu ndani, hauwezi kufanya kazi hata siku moja. Kwa macho ni vigumu kuutambua, kwa hiyo jaribu dukani kwa laptopu yoyote kabla ya kulipa.

Msomaji mwingine ambaye hata hizo rangi hazioni, afanye hivi: achomoe kadi na kuwasha Pi 4 tupu. Pi 4 yenye bootloader (programu ya kuwashia iliyomo kwenye bodi) ya karibuni huandika ukurasa wa taarifa kwenye skrini inapokosa kadi. Ukurasa ukija, waya na tundu ni vizima, mchawi ni kadi.

Wanangu, habari za kazi. Kijana alinifungia TV ya inchi 43 imesimama wima ukutani, inaonyesha bei za mtori, machalari na nyama choma. Kikompyuta kimechomekwa kwenye USB ya nyuma ya TV. Kijana amehamia Dodoma. Sasa kila umeme ukikatika na kurudi, picha haiji mpaka nichomoe na kuchomeka tena. Ikija inakuwa imelala ubavu. Na ikikaa kidogo bila kuguswa inazimika. Nifanyeje?
*Mama wa mgahawa, Soweto, Moshi*

Mama, shikamoo. Umetaja matatizo matatu, nasi tumeona la nne ndani ya barua yako, na ndilo la kuanzia. Haya mpe kijana yeyote aliye karibu anayeweza kuchomeka kibodi na kuandika amri.

USB ya TV kwa kawaida hutoa nusu ampea. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Kinawaka kwa kujikongoja, na umeme wa mtaa ukishuka kidogo kinazirai. Kipe chaji yake yenyewe kwenye soketi ya ukutani. Kijana athibitishe kwa amri hii:

vcgencmd get_throttled

0x0 ni salama. 0x50005 ina maana sasa hivi umeme haukitoshi. 0x50000 ina maana ulipungua wakati fulani tangu kiwashwe, hata kama sasa umerudi. Alama ya radi ya njano pembeni mwa skrini inasema hilohilo: volti zimeshuka chini ya 4.63. Kama chaji ni nzuri na radi bado ipo, badilisha waya wa chaji. Waya mwembamba wa mita mbili wa kuchajia simu unapoteza volti njiani.

Picha kutokuja umeme ukirudi: kikompyuta kinaamka kabla TV haijaamka, kinapiga hodi kwenye HDMI, hakijibiwi, kinaamua kwamba hakuna skrini. Dawa ni ileile tuliyompa mwalimu wa Ngaramtoni, mwisho wa mstari wa cmdline.txt, kwa ukubwa wa TV yako:

video=HDMI-A-1:1920x1080M@60D

Ina kasoro moja. Kikompyuta kikiwaka bila kupata maelezo ya TV, kinatoa picha bila sauti. Kwa ubao wa bei za chakula si hasara.

Picha kulala: inaelekea kijana aliigeuza kwa amri ya mkono, nayo amri ya mkono hufutika kila kikizimwa. Aende kwenye menyu, Preferences, kisha Screen Configuration. Abonyeze kitufe cha kulia cha mausi juu ya mchoro wa HDMI-A-1, achague Orientation, kisha Left au Right kulingana na upande ambao kichwa cha TV kimeelekezwa. Abonyeze Apply na kukubali. Kwenye Bookworm inayotumia labwc (programu inayopanga madirisha ya dawati), uamuzi huo huandikwa ndani ya ~/.config/kanshi/config na kubaki humo. Wapo wanaoongeza ,rotate=90 kwenye cmdline.txt wakashangaa menyu bado imelala. Hiyo inageuza yale maandishi meupe ya wakati wa kuwaka tu, si dawati.

Kuzimika: sudo raspi-config, Display Options, Screen Blanking, jibu No, kisha kiwashwe upya.

Tunaongeza moja ambalo hukuuliza. Kukatika umeme ghafla kunaharibu kadi, na siku kadi ikifa ubao wote unaanza upya. Kila kitu kikishakaa sawa, kijana arudi raspi-config, Performance Options, awashe Overlay File System. Kuanzia hapo hakuna kinachoandikwa kwenye kadi. Ila bei zikipanda itabidi aizime kwanza, abadilishe, kisha aiwashe tena. Asipofanya hivyo bei mpya zitafutika mara tu kikizimwa.

Tumsifu. Projekta ya kanisani imefungwa darini, Pi 4 iko mezani kwa waimbaji. Waya wa HDMI ni mita 15. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta nyeupe zinazometameta kama chenga za TV za zamani, na mara inakatika kabisa. Kwa waya wa mita moja na nusu haina shida.
*Kiongozi wa kwaya, Sakina, Arusha*

Umeshapima mwenyewe, waya ndio unaochoka. Picha ya 1080 kwa mapigo 60 inatembea kwa megahezi 148.5, na kila moja ya jozi tatu za waya zinazobeba rangi hupitisha biti bilioni 1.485 kwa sekunde. Katika mita 15 za waya wa bei rahisi sehemu ya biti hizo hufika zimefifia, na kila nukta inayometa ni biti iliyosomwa vibaya. Picha ya 1280 kwa 720 inatumia nusu yake, megahezi 74.25. Jaribu kwanza video=HDMI-A-1:1280x720M@60D. Maneno ya tenzi yameandikwa kwa herufi kubwa, hakuna muumini atakayegundua tofauti.

Lakini kwa maoni yetu hiyo ni plasta. Pi 4 ina upana wa milimita 56 na urefu wa milimita 85. Ipandishe darini ikae kando ya projekta kwa ule waya wako wa mita moja na nusu, halafu iendeshe kutoka mezani kwa VNC, programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, kupitia Wi-Fi. Na tundu la HDMI ndogo la Pi 4 litakushukuru, kwa kuwa waya mnene wa mita 15 ukining'inia hapo hulilegeza.

Jihadhari na kitu kimoja ukitegemea Wi-Fi. Ikiwa siku moja mtanunua skrini ya 2560 kwa 1440, mapigo yake ni megahezi 241.5, zidisha mara kumi, ndiyo kasi ya biti kwenye kila jozi, unapata gigahezi 2.415. Chaneli ya 1 ya Wi-Fi iko gigahezi 2.412. Pi 4 ilijulikana kwa kupoteza Wi-Fi kwa sababu hiyo hasa. Hamishia ruta chaneli ya 11 au mtumie gigahezi 5.

Shikamooni. Nimenunua kioo cha inchi 3.5 kinachokaa juu ya pini za Pi. Kinawaka cheupe tu. Nilitumia skripti ya muuzaji, sasa hata HDMI haionyeshi kitu.
*Mwanafunzi, Njiro, Arusha*

Marahaba, mdogo wetu. Weupe hauna maana yoyote zaidi ya kwamba taa ya nyuma imepata umeme kutoka kwenye pini. Picha yenyewe inasubiri draiva. Kioo hiki hakipiti HDMI kabisa, kinalishwa kwa SPI, njia ya data iliyo kwenye pini za Pi, kwa hiyo hata zile rangi za kuwakia hutaziona juu yake.

Skripti nyingi za wauzaji zilitungwa enzi za draiva ya zamani. Zinafuta config.txt yako na kuweka ya kwao, kisha zinategemea programu ya kunakili picha ya HDMI kwenda kwenye kioo, ambayo haielewani na KMS. Ndiyo maana umepoteza vyote viwili. Andika kadi upya, ni haraka kuliko kufukua kilichoguswa. Kisha, kabla ya kugusa chochote:

sudo cp /boot/firmware/config.txt /boot/firmware/config.txt.zamani

Sasa fungua config.txt, na mwishoni ongeza mistari miwili, kila mmoja peke yake (hapa Enter inaruhusiwa):

dtparam=spi=on
dtoverlay=piscreen,drm,speed=16000000,rotate=90

Vioo vingi vya aina hii vina chipu ya ILI9486 na huitikia mistari hiyo. Soma nyuma ya kioo uthibitishe chipu yako kabla. Picha ikiwa juu chini, rotate iwe 270.

Usitarajie video. Kioo kina pikseli 480 kwa 320, jumla 153,600, na kila pikseli ni biti 16, yaani biti 2,457,600 kwa picha moja. SPI ya megahezi 16 inapitisha biti milioni 16 kwa sekunde. Gawanya: picha sita na nusu kwa sekunde, hata bila kuhesabu kinachopotea njiani. Kwa joto la chumba, saa au grafu ya umeme wa jua inatosha sana.

Na unapokirudisha kwenye pini, tazama kwa ubavu. Kikisogea safu moja, volti 5 za pini ya 2 na ya 4 zinaingia pasipostahili, na hapo hakuna amri itakayookoa.

Vijana, hamjambo. Nina Pi 3 na TV ya chogo nzima kabisa, nimeunganisha kwa AV. Picha inakuja nyeusi na nyeupe, inapanda juu kama ngazi. Waya ni ule wa rangi tatu.
*Fundi redio mstaafu, Usa River*

Shikamoo mzee. Pi inatoa picha ya NTSC, mmoja wa mifumo ya TV za zamani, isipoambiwa vinginevyo: mistari 525, mapigo 60. TV yako ni ya mfumo mwingine, PAL, mistari 625, mapigo 50, na rangi yake iko megahezi 4.43 wakati ya NTSC iko 3.58. Picha kupanda ni mapigo, rangi kupotea ni hiyo tofauti ya mwisho. Kwenye config.txt tafuta mstari wa dtoverlay=vc4-kms-v3d uufanye hivi:

dtoverlay=vc4-kms-v3d,composite

Kisha mwisho wa mstari wa cmdline.txt, baada ya nafasi moja:

vc4.tv_norm=PAL

Ikigoma kutoa picha, angalia waya. Jeki ya Pi ina pete nne: ncha ni sauti ya kushoto, inayofuata sauti ya kulia, ya tatu ardhi, na ya nne, iliyo karibu na plastiki, ndiyo picha. Waya za kamera za video mara nyingi zina mpangilio mwingine. Chomeka nyekundu, kisha nyeupe, kwenye tundu la njano la TV. Moja ikileta picha, basi ni rangi tu zimepishana na hakuna haja ya kununua. Zote zikikataa, pima kwa mita: ardhi ya waya huo huenda iko kwenye pete ya nne, na huo haufai.

Maandishi yatakuwa madogo kusomeka. Andika sudo dpkg-reconfigure console-setup, chagua Terminus, kisha ukubwa wa 12x24. Kwenye picha ya 720 kwa 576 utapata herufi 60 kwa mstari na mistari 24, na TV ikila kingo kidogo, punguza moja au mbili katika hesabu hiyo.